Ugothi Haukuzaliwa Dukani

Hoja yenyewe huja na bei mkononi. Buti za Dr. Martens, kama pauni 170 za Uingereza. Korseti ya kweli yenye mifupa ya chuma, nayo haishikiki. Koti refu la mahameli, buti za New Rock kutoka Hispania, mikufu ya fedha, rangi ya midomo isiyofutika kwa chai. Ukijumlisha, unaambiwa, utaona mwenyewe kwamba mavazi ya kigothi, yaani ule mtindo wa nguo nyeusi, lesi, wanja mzito na nywele zilizosimama, si ya kila mtu. Kibarua wa Nairobi anayelipwa mshahara wa chini wa kisheria hupata kama shilingi 16,000 za Kenya kwa mwezi. Jozi moja ya buti hizo ni jasho lake la karibu miezi miwili, kabla hajala wala kulipa kodi ya nyumba. Basi mtindo huo ni mchezo wa watoto wa matajiri, na asiye nacho autazame kwa mbali. Mtu hujikuna ajipatapo.

Hoja hii ina watetezi wa kambi mbili ambazo hazipatani kwa jambo jingine lolote. Kambi ya kwanza ni ya wazazi, wajomba na majirani, wanaoamini kwamba kijana anayevaa hivyo ama ana pesa za kuchezea ama anaiba. Kambi ya pili ni ya magothi wenyewe, wale wenye uwezo, wanaotazama lebo ya buti kabla ya kumtazama mtu usoni, na ambao kwao msichana aliyevaa gauni la mtumba lililotiwa rangi nyumbani ni mwigaji tu. Wazazi husema mtindo ni ghali, kwa hiyo uachwe. Wenye buti husema mtindo ni ghali, kwa hiyo ni wetu. Wote wawili wamekosea, na wamekosea mahali pamoja: wanadhani mtindo huu uliuzwa kwanza ndipo ukavaliwa.

Tuangalie tarehe, maana tarehe hazina upendeleo. Agosti 1979 bendi ya Bauhaus, vijana wanne wa Northampton, Uingereza, ilitoa "Bela Lugosi's Dead", wimbo wa zaidi ya dakika tisa unaomhusu mwigizaji aliyejulikana kwa kuigiza Dracula. Wengi huuhesabu wimbo huo kuwa ndio mwanzo wa muziki wa kigothi. Mwimbaji Siouxsie Sioux, msichana wa vitongoji vya kusini mwa London, alikuwa amekwisha kuuonyesha umma jinsi wanja unavyoweza kuvuka mpaka wa jicho. Mwaka 1980 bendi ya The Sisters of Mercy ikaanzishwa Leeds. Julai 1982 ikafunguliwa klabu ya Batcave katika mtaa wa Soho, London, na hapo ndipo sura ya mtindo ilipokamilika. Sasa weka tarehe nyingine kando ya hizo. Januari 1982 idadi ya watu wasio na kazi Uingereza ilivuka milioni 3. Viwanda vya kaskazini vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Vijana wengi waliojaza kumbi zile walikuwa wanafunzi, vibarua wa muda, au watu wanaoishi kwa posho ya serikali ya wasio na kazi, fedha inayolipwa leo na kwisha kesho kutwa.

Walivaa nini? Walivaa walichokipata. Kanisa likifanya mnada wa hisani, walikuwepo mapema kuchambua magauni ya vikongwe waliofariki. Maduka ya mitumba ya mashirika ya misaada, kama yale ya Oxfam, yaliwapa makoti ya mazishi, vesti za suti za zamani, blauzi zenye kola ndefu ambazo hakuna mwanamke wa mjini aliyezitaka tena. Ambacho hakikuwa cheusi kilitumbukizwa kwenye sufuria ya rangi jikoni kwa mama. Soksi ndefu za wavu zilikatwa tundu katikati ili kupitisha kichwa, miguu ya soksi ikageuka mikono, na shati likawa tayari. Pini za nepi na minyororo ya duka la vifaa vya ujenzi walirithi kwa mapanki, vijana wa muziki wa panki waliowatangulia, wale waliowahi kujivika hata mifuko myeusi ya taka. Nywele zilisimamishwa kwa sabuni na maji ya sukari. Sikatai kwamba maduka yalikuwepo. Duka la Vivienne Westwood na Malcolm McLaren katika nambari 430 ya King's Road lilikuwa likiuza nguo za ajabu kwa bei za ajabu tangu miaka ya 1970. Lakini wengi walilitazama kwa nje, wakairudia treni, wakajishonea.

Na zile buti? Modeli ya 1460 ya Dr. Martens ilitoka tarehe 1 Aprili 1960, tarehe ambayo ndiyo iliyoipa jina, katika kijiji cha Wollaston, mkoa uleule wa Northampton walikotoka Bauhaus. Ilikuwa buti ya kazi. Ilivaliwa na watembeza barua na wafanyakazi wa viwandani, watu wanaosimama kutwa. Vijana waliichukua kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu na haifi upesi. Kwa hiyo lebo inayotumiwa leo kumfukuza maskini mlangoni ilishonwa kwa ajili ya miguu ya maskini.

Waingereza wana mahali pengine pa kuchota weusi wao, napo panasema yaleyale. Malkia Victoria alipofiwa na mumewe Albert mwezi Desemba 1861, alivaa nyeusi hadi kufa kwake mwaka 1901, na nchi nzima ikaifanya huzuni kuwa biashara. London tayari ilikuwa na duka kubwa la nguo za msiba, la Jay katika mtaa wa Regent, lililofunguliwa mwaka 1841. Mji wa Whitby, pwani ya Yorkshire, ukawa unachonga vito vyeusi vya jeti, kitu kilichotokana na miti iliyogeuka kuwa kama jiwe kwa mamilioni ya miaka. Wateja wa vitu hivyo walikuwa matajiri. Mke wa kibarua naye alifiwa, wala hakuwa na njia ya kwenda kwa Jay. Alichukua gauni lake moja la heshima akalitia rangi kwenye chungu. Badala ya jeti alivaa kioo cheusi, au kito cha mpira uliogandishwa kwa salfa. Leo mikusanyiko ya magothi ya Whitby, iliyoanza mwaka 1994, huwaleta watu waliovaa kama Victoria. Wangevaa kama yule mke wa kibarua wangekuwa karibu zaidi na asili yao.

Atakayesema kwamba Uingereza hata katika dhiki ilikuwa na maduka, nitampeleka Ujerumani Mashariki, mahali ambapo hoja ya duka inakufa kabisa. Katika miaka ya 1980 palikuwa na vijana wa kigothi huko. Watu waliwaita Grufties, na polisi wa siri wa Stasi waliwafuatilia. Hakuna duka la serikali ya kikomunisti lililouza mavazi ya kigothi. Walishona wenyewe, wakatia rangi wenyewe, wakabadilishana mitindo kwa picha na kwa kutazamana. Kuelekea mwisho wa muongo huo baadhi yao walijaribu kukutana Potsdam. Ukuta wa Berlin ulipokwisha kuanguka, mwaka 1992, mkutano ukafanyika Leipzig, na huo ndio mkusanyiko wa Wave-Gotik-Treffen ambao sasa kila Pentekoste huvuta watu wapatao 20,000. Mmojawapo wa mikusanyiko mikubwa zaidi ya magothi duniani una mizizi yake katika nchi ambayo hata mwenye pesa hakuwa na cha kununua.

Turudi kwetu sasa, kwa maana kamba inayotuunganisha na Leeds ni ya kweli na inaonekana. Kusini-magharibi mwa Leeds, umbali wa safari fupi ya basi, kuna mji wa Batley. Huko, mwaka 1813, Benjamin Law alianza kuchana matambara makuukuu na kuyasokota upya kuwa kitambaa, na eneo lile likawa makao makuu ya biashara ya nguo chakavu. Mbele kidogo, Huddersfield, Oxfam ilifungua kiwanda cha kuchambua nguo zilizotumika mwaka 1974. Nguo ambazo maduka ya hisani ya Uingereza yanashindwa kuziuza hufungwa marobota na kusafirishwa, na sehemu yake hutua Mombasa na Dar es Salaam. Lile koti jeusi la sufu ambalo mwanafunzi wa Leeds angelichimbua mwaka 1983 huenda hivi sasa linaning'inia katika soko la Gikomba, Nairobi, na bei yake inajadilika. Kijana wa Nairobi anaambiwa kwamba yuko mbali na chimbuko la mtindo huu. Kwa kweli amesimama mwisho wa mkondo uleule wa nguo, na anachuma kwa bei ambayo wale wa Leeds wangemwonea wivu.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu tofauti za nchi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuimaliza mitumba ifikapo 2019. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za kibiashara za AGOA, sheria yake inayoziruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru, wengine wakalegeza. Rwanda haikulegeza: ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hizo. Gothi wa Kigali, kwa hiyo, ana haki ya kulalamika kuhusu bei kuliko mwenzake wa Nairobi. Lakini aelekeze malalamiko kwenye forodha, asiyaelekeze kwenye mtindo.

Sasa twende sokoni, maana hoja isiyoingia sokoni ni porojo. Kosa la wengi ni kukimbilia nguo za mwanzo, zile ambazo Gikomba huitwa kamera, zilizochaguliwa robota likifunguliwa alfajiri. Huko unashindana na wenye maduka. Gothi mwenye mfuko mwembamba ana bahati ambayo mtu wa mitindo mingine hana: anachotaka ni kile ambacho wengine wanakipita. Blauzi ya lesi yenye kola inayofika kidevuni. Gauni la kulalia la mwanamke wa mwaka 1985. Sketi ndefu ya mwanakwaya. Vesti ya suti iliyopoteza koti lake. Gauni la mahameli lililochanika kwapani, ambalo mchuuzi wa soko la Karume, Dar es Salaam, amechoka kulikunja na kulikunjua, naye atalitupa kwenye lundo la buku, yaani shilingi 1,000 za Tanzania kwa kila nguo. Lundo hilo liko chini, kwenye turubai, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, safari hii kwa mgongo wake mwenyewe.

Kuna hazina nyingine ambayo sijaona ikitajwa. Pwani yote, kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Mombasa, kuna mafundi wanaoshona abaya. Kutwa wanakata vitambaa vyeusi, na mwisho wa siku kuna mabaki: vipande vya krepu, ncha za lesi nyeusi, mabaki ya utepe wenye shanga. Salimia kwa adabu, uliza, lipa kidogo. Mikono ya shati, kola, na pindo la sketi vyote vimo kwenye mfuko huo. Jambo moja usifanye: usichukue chandarua ukakitia rangi kiwe shela. Kina dawa ya kuulia mbu, na kuna mtoto anayekihitaji usiku wa leo.

Rangi ndiyo roho ya bajeti, na ndipo watu wanapopoteza fedha kwa kutojua. Soma lebo ya ndani kabla ya kununua. Pamba, kitani na viskosi hupokea rangi. Poliesta huikataa, na hata ukiichemsha hadi mkaa uishe itabaki na kijivu cha huzuni isiyo ya kigothi. Nguo ya buluu ya usiku au ya kahawia iliyokoza hugeuka nyeusi kwa urahisi. Nyekundu hubaki na kutu kwa ndani, ingawa mimi kutu hiyo siichukii. Nyuzi za mshono mara nyingi ni za poliesta hata kama nguo ni ya pamba, kwa hiyo zitabaki na rangi yake ya zamani, mstari mwekundu ukipita juu ya weusi, na hapo umepata pambo bila kulipia. Wanawake wanaotengeneza batiki wanajua kuliko mimi: rangi zao huyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, dawa zinazounguza ngozi na mapafu, kwa hiyo vaa glavu, fanyia kazi hiyo uani, au mlipe mmoja wao akutilie nguo zako pamoja na za wateja wake. Na ile imani kwamba siki hushikilia rangi kwenye pamba, iacheni. Siki ina kazi yake kwenye rangi za sufu na hariri. Kwenye pamba inakuachia harufu ya kachumbari. Kinachotunza weusi ni kufua kwa maji baridi, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, na kuanika kivulini. Jua la Ikweta halina huruma na nyeusi.

Kwenye buti nawapa wapinzani nusu ya alama. Kiatu kibaya kinaumiza, na kiatu kizuri kina gharama. Lakini kati ya kiatu kizuri na kiatu chenye jina kuna pengo, na pengo hilo ndilo lenye pauni nyingi. Buti nyeusi za walinzi wa usiku na za mafundi wa viwandani zinauzwa kila mji, zina soli nene, na mshonaji viatu wa kona ataziongezea soli nyingine, vifungo vya chuma na kamba ndefu. Ya kuepuka ni mavazi ya madoadoa ya kijeshi. Tanzania, Kenya na Uganda raia akivaa hayo anajitafutia kesi, na mtindo hautakutetea kituoni. Tena kuna akala, au makatambuga kama yanavyoitwa upande wa Tanzania: meusi tangu kuzaliwa kwake, ya mpira wa tairi, yenye sura ya kitu kilichonusurika ajali. Yule mjane maskini wa Uingereza aliyevaa kito cha mpira angeyaelewa mara moja.

Kichwani, Waafrika tumependelewa na hatusemi. Vijana wa Batcave walimaliza sabuni, sukari na hata makopo ya dawa ya kunyunyizia ili nywele zao laini zisimame kwa saa chache. Nywele zetu zikifungwa kwa uzi mweusi, kwa ule msuko ambao bibi zetu waliufanya uani, husimama wiki nzima, zikielekea kila upande, kwa gharama ya kidonge cha uzi. Usoni, wanja na rangi ya midomo iliyokoza vinatosha. Wanja wa unga wa kienyeji uutazame kwa makini, kwani baadhi yake una madini ya risasi. Piko la kuchorea ngozi liache kabisa, maana ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoweza kukuachia malengelenge na makovu. Ama huo unga mweupe wa kufunika uso, ni desturi iliyotoka kwenye jukwaa na sinema za kimya, na wala si sharti. Ngozi nyeusi yenye wanja mweusi ina kina ambacho uso wa chokaa hauna. Atakayekushauri upake krimu za kujichubua ili ufanane na picha, mfukuze.

Sasa wapinzani wana methali yao: rahisi ghali. Wananiambia kwamba nguo ya bei ya chini huchakaa upesi, nawe utanunua mara tatu. Methali ni ya kweli, ila wanaielekeza kusiko. Nguo rahisi iliyo ghali ni ile mpya ya poliesta, inayoagizwa kwa simu, yenye lesi ya plastiki na misalaba iliyochapwa, iliyoshonwa ili ivaliwe kwenye picha mbili. Hiyo ndiyo inayomaliza vijana, kwa kuwa inajifanya nafuu. Gauni la mahameli lililoshonwa miaka 35 iliyopita, likapita mikononi mwa mwenye nalo wa kwanza, duka la hisani, meli, na kontena, na bado lina mshono uliokaza, limeshafanyiwa mtihani ambao nguo yoyote mpya bado haijaufanya.

Hoja yao nzito zaidi ni ya muda, na nasikitika kwamba hawaitumii vizuri. Nitaitumia kwa niaba yao. Kuchambua lundo, kuchemsha rangi, kufumua na kushona upya kunahitaji saa nyingi, na maskini hana saa hizo. Mama anayeuza vitumbua tangu saa kumi alfajiri hatakaa usiku kudarizi popo kwenye kola. Anayefanya kazi mbili hana Jumamosi. Hili ni kweli, na anayesifia ufundi wa mkono bila kulitaja anawadanganya watu. Lakini tazama linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba kabati la kigothi la mtu wa kipato kidogo linajengwa polepole, nguo moja kwa msimu. Halithibitishi kwamba haliwezekani. Na tena, kwa anayevaa nyeusi kila siku, mambo mengine ni mepesi: kila kitu kinaenda na kila kitu. Suruali nyeusi ya kazini ni ileile ya jioni. Kabati la nguo nane nyeusi lina mavazi mengi kuliko la nguo ishirini za rangi zisizopatana. Ni wapi mtindo mwingine unaomruhusu mhudumu wa hoteli kutoka kazini na nusu ya vazi lake tayari mwilini?

Wanaobaki ni wale wanaosema, haya, iwe rahisi au ghali, bado ni kuiga Wazungu, na nyeusi si nguo ya nchi za joto. Kuhusu joto, wanawake wa Mombasa na Unguja wamevaa mabuibui meusi kwa zaidi ya karne, na hakuna aliyewauliza. Mwaka 1980 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima majoho ya Mabedui jangwani, wakaona kwamba joto linaloufikia mwili wa mtu ni lilelile awe na joho jeusi au jeupe, kwa sababu joho ni pana na hewa inapita. Siri iko kwenye upana. Kuhusu kuiga, nawakumbusha kaniki. Katika Zanzibar ya karne ya 19 watumwa walivikwa merekani, ile pamba ghafi isiyo na rangi kutoka Marekani. Wanawake waliitia nili ikawa nyeusi, na hiyo ikawa kaniki, nguo ya wanyonge, ambayo wengi waliivua utumwa ulipokwisha ili wavae kanga. Sisemi walikuwa magothi. Nasema kwamba kuchukua nguo uliyopewa bila kuulizwa na kuitumbukiza katika rangi nyeusi ili iwe yako, ni jambo lililofanyika kwenye pwani hii kabla Northampton haijawa na bendi.

Kama mtindo huu una gharama kubwa, nayo ipo, si ya fedha. Ni ya macho ya watu. Nchini Kenya, mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ilipotolewa kwa umma mwaka 1999 hofu ilikuwa imekwisha kuenea: nyeusi, fuvu, muziki mzito, vyote vikawa dalili. Hofu hiyo haijaisha. Mwenye nyumba anakutazama mara mbili, shangazi anaomba kwa sauti ya juu kuliko kawaida, na mwajiri anauliza kama kuna msiba. Uingereza kwenyewe, nchi ya asili, Sophie Lancaster, msichana wa miaka 20, alipigwa na vijana katika bustani ya mji wa Bacup Agosti 2007 kwa sababu ya mavazi yake, akafa baadaye mwezi uleule. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester wakaanza kuyaandika mashambulizi ya namna hiyo kama uhalifu wa chuki. Gharama hii anailipa mwenye buti za pauni 170 na mwenye akala kwa kiwango kimoja, na kwa kweli mwenye akala huilipa zaidi, kwa sababu hana gari la kumficha njiani. Ndiyo maana namkataa yule gothi tajiri anayemwita mwenzake mwigaji. Anayepanda daladala ya saa kumi na mbili na nusu akiwa amevaa lesi aliyoishona mwenyewe amelipa ada yote.

Wazazi, wajomba, majirani: kijana wenu hajaiba. Muulizeni gauni kalipata wapi, mtashangaa lilivyo rahisi kuliko jezi ya mpira aliyonunuliwa kaka yake. Na wewe unayetaka kuanza, usinunue kitu mtandaoni mwezi huu. Nenda sokoni jioni, wachuuzi wanapofungasha na bei inaposhuka, utafute shati moja la pamba. Soma lebo yake ya ndani. Ukikuta lesi, usiiache.